Mbona G20 walifungua mlango fasta, Baraza la Usalama miaka nenda rudi?

Swali: Habari mtaalamu. Umoja wa Afrika (AU) uliingia G20, lile kundi la wenye uchumi mkubwa duniani, mwaka 2023 chap tu, sasa kiti cha kudumu cha Afrika kule Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa (UN) mbona kinapigwa danadana kila mwaka? Si wakubwa ni walewale?

Jibu: Salama mkuu. Wengi wao ni walewale kweli, ila mlango sio mmoja. G20 haina katiba wala mkataba, wakubwa wakielewana umeingia. Pale New Delhi, 9 Septemba 2023, Waziri Mkuu wa India Modi katangaza, kagonga nyundo mezani, Azali Assoumani wa Komoro aliyekuwa mwenyekiti wa AU akaitwa akaja kukaa, kwisha kazi. Ila mlango wa hivyo hata kutolewa ni rahisi, Urusi wanajua kwenye kundi jingine la wakubwa, G8: 2014 baada ya kuitwaa Crimea ya Ukraine, wenzao saba waligoma kwenda mkutano wa Sochi, Urusi, wakakutana zao Brussels, G8 ikarudi kuwa G7.

Baraza la Usalama sasa, pale kuna Mkataba wa UN na kifungu cha 108. Kwanza theluthi mbili ya wanachama wakubali kwenye Baraza Kuu, leo hiyo ni nchi 129 kati ya 193, halafu theluthi mbili waridhie kwa taratibu za kwao, na humo lazima wawemo wote watano wa kudumu wenye veto, yaani kura ya turufu ya kuzuia uamuzi: Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa. Watu hudhani veto inapigwa siku ile ya kura, hapana, inawasubiri kwenye kuridhia.

Na imewahi kupita! Mwaka 1963 wakati wa kutoa viti 11 kwenda 15, Ufaransa na Sovieti walipiga kura ya hapana, Marekani na Uingereza wakajizuia, lakini nchi mpya za Afrika na Asia zilikuwa nyingi na kuzinunia zote ni hasara, kufika Agosti 1965 wote watano walisharidhia. Ila vile vilikuwa viti vya muda. Afrika tangu makubaliano yake ya Ezulwini ya 2005 inataka viwili vya kudumu na veto juu, na Marekani 2024 walisema viwili sawa, veto hapana.

Mimi naona vya muda vitaongezeka kwanza. Chenye veto kinahitaji theluthi mbili ya Seneti ya Marekani pia, na hiyo kwa sasa siioni.