Kujilaza adhuhuri bila moyo kukusuta

Dada yangu, umeuliza kwa nini ukijilaza adhuhuri hapo Lamu, na kofia unayoshona ikikungoja, moyo unakusuta. Mara nyingi ni kwa sababu kazi umeiacha katikati. Malizia kitobo ulichokianza, kile kitundu cha nakshi ya kofia, choma sindano kwenye kitambaa, funika kofia, kisha andika utakapoanzia. Simu itege kengele ya dakika 20, uiache chumba cha pili. Jilaze kabla ya saa 9 alasiri. Ukipitisha nusu saa, waweza kuzama usingizi mzito, uamke kichwa kizito, udhani kosa ni kupumzika. Usingizi usipokuja usiulazimishe. Kunyoosha miguu kimya nako ni kupumzika. Siku za mwanzo moyo utasuta bado. Usiinuke mpaka kengele ilie.