Marejesho Ambayo Sikuyafikisha

Kwa muda wa miaka mitatu nilikuwa nikitoka nyumbani kwangu hapa Bagamoyo kwenda sokoni kwa njia ya kuzunguka. Njia ya mkato ingenifikisha upesi, lakini ilipita mbele ya baraza ambapo mama mmoja wa makamo hukaa tangu alfajiri na jiko lake la mkaa na chuma chake cha vitumbua, nami sikuwa na uso wa kumtazama mama huyo. Nilimdhulumu. Ninaandika haya kwa sababu najua wapo Wakristo wengi wanaopita njia za kuzunguka, wakidhani kwamba uzito walio nao kifuani ndio uchaji wa Mungu, kama nilivyodhani mimi.

Habari yenyewe ni hii. Nilikuwa mweka hazina wa kikoba cha mtaani kwetu, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Wanaovijua vikoba wanalijua lile sanduku la chuma lenye kufuli tatu, ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Sanduku letu halikuguswa kamwe, kwa maana fedha niliyoichukua haikuwa imefika sandukuni. Mama yule alikuja kwangu katikati ya juma, akafungua fundo la pindo la kanga yake, akanihesabia shilingi 85,000 za marejesho ya mkopo wake, kwa kuwa alikuwa akisafiri kwenda Unguja msibani na hakutaka jina lake lisomwe Jumamosi bila malipo. Noti zilikuwa zimekunjwa mara nne, zikinukia mafuta ya kukaangia. Siku hiyo nilikuwa nimebanwa na ada ya mtoto. Nikazitumia huku nikijiahidi kuzirudisha kabla ya kikao, na kikao kikafika sijazirudisha. Katibu aliposoma jina lake nikainamia daftari. Aliporudi na kusema mbele ya wenzetu kwamba alinikabidhi mimi, nilijibu neno moja tu: "Sikumbuki." Akalipa mara ya pili, akatozwa na faini ya shilingi 5,000, na tulipogawana mwisho wa mwaka akajitoa.

Watu hudhani kwamba mwenye hatia huacha kanisa. Mimi nilizidi kwenda. Nilifunga kila Ijumaa, nilifagia kanisa hata zamu isipokuwa yangu, nilitoa sadaka kupita uwezo wangu, na kila Meza ya Bwana ilipoandaliwa nilitafuta sababu ya kutoka nje. Wenzangu wakaanza kuniita mcha Mungu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemfanya Mungu kuwa mdai, nami nikawa kama mdaiwa anayepeleka elfu mbili mbili mlangoni ili mwenye kumdai asije akaingia ndani na kuona yaliyomo. Mtu hawezi kumpenda mdai wake. Anaweza kumwogopa, kumsifu usoni na kumnyenyekea, lakini moyoni anatamani wasikutane kamwe, na hilo ndilo lililokuwa ombi langu la siri katika sala zangu zote ndefu.

Kilichonifungua macho ni Zaburi ya 130, ambayo nilikuwa nimeisikia mara nyingi makaburini bila kuisikiliza. Mwanzoni mtunga zaburi analia kutoka vilindini, kisha anasema: "BWANA, kama Wewe ungehesabu maovu, Ee Bwana, nani angesimama? Lakini kwako kuna msamaha, Ili Wewe uogopwe." Niliusoma mstari ule wa nne mara tatu, nikidhani nimeruka neno. Kwa akili yangu ulipaswa kusema kwamba kwa Mungu kuna hukumu ili aogopwe, au kwamba kuna msamaha ili apendwe. Badala yake unasema kwamba msamaha ndio unaomfanya Mungu aogopwe. Mimi nilikuwa nimeishi miaka mitatu nikiupindua utaratibu huo: nilitaka kwanza nimche Mungu vya kutosha, kwa kufunga na kufagia, ndipo nistahili kusamehewa.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa, kwa kuwa kina maneno mawili mahali ambapo wengi wetu tunaona jambo moja. Tunaogopa nyoka, tunaogopa giza, tunaogopa mtu anayetudai. Lakini hakuna asemaye kwamba fulani anamcha nyoka. Kicho ni hofu ya mtu asiyetaka kukimbia. Hata pale ambapo watafsiri wetu wameandika "uogopwe", hofu inayozaliwa na msamaha ni ya namna hii, na nimekaa na jambo hili muda mrefu hata nikaanza kuona sababu yake. Mtu anayekushuku tu anaweza kukuadhibu bila kukujua. Lakini anayekusamehe kweli hana budi kwanza kuona kila kitu: mkono wangu ukizipokea zile noti, macho yangu yakiinama daftarini, ulimi wangu ukisema "sikumbuki". Mungu aliyaona hayo yote kwa ukubwa wake kamili, hakuyapunguza, hakuyaita bahati mbaya, na bado akasema kwamba kwake kuna msamaha, na kwamba gharama yake ameibeba Mwanawe msalabani. Kusimama mbele ya Mungu wa namna hiyo kunatetemesha kuliko kusimama mbele ya hakimu, kwa sababu mbele ya hakimu unaweza angalau kujitetea.

Hapa Bagamoyo neno ukombozi halikuanzia vitabuni. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika mwaka 1868 walinunua watu waliokuwa watumwa, wakawajengea kijiji karibu na misheni. Najua historia ile ina mikunjo yake, kwa kuwa wengi wa waliokombolewa waliendelea kufanya kazi katika mashamba ya misheni, na sitaki kuipamba. Lakini jambo moja ndani yake hunigusa kila ninapotembea chini ya miembe ya pale: fedha ilitoka katika mkono wa mtu mwingine, na aliyelipiwa hakuwa na senti ya kuongeza. Katika uwanja huohuo upo mbuyu mkubwa ambao, kama inavyosimuliwa, ulifungwa mnyororo zamani kwa ajili ya kumfunga punda. Mnyororo haukuondolewa, mti ukanenepa, ukaumeza, na leo kinachoonekana nje ni kipande kidogo tu cha chuma kilichoota kutu. Nilikigusa kwa kidole siku moja nikafikiri juu ya lile "sikumbuki" langu, jinsi nilivyokuwa nimelifunika kwa sadaka na mifungo mpaka karibu lisionekane tena. Dhambi iliyofunikwa kwa ibada haijatoka. Daudi anasema katika Zaburi ya 32 kwamba aliponyamaza mifupa yake ilichakaa, na anayesema hivyo ni mtu ambaye ibada haikumpungukia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uitaje dhambi yako mbele za Mungu kwa jina lake, kwa sentensi isiyo na "lakini" ndani yake. Mimi nilikuwa nikiomba, "Bwana, unisamehe mapungufu yangu," na sala hiyo haikuniumiza popote. Siku niliyosema, "Niliiba shilingi 85,000 za mama huyu na nikamfanya aonekane mwongo," nililia mpaka nikalala sakafuni, na nilipoamka nilikuwa na amani ambayo sikuifanyia kazi yoyote. Mtume Yohana ameandika kwamba tukiziungama dhambi zetu, Mungu ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Aliandika mwaminifu na wa haki, maneno ya mtu anayetimiza ahadi yake, kwa hiyo msamaha huo haubadiliki kwa jinsi ninavyojisikia asubuhi.

Kutaja kwa jina kunasaidia pia kwa sababu nyingine. Wapo wanaoteswa na hatia isiyo yao: mama aliyepoteza mimba, kijana ambaye baba yake alifariki yeye akiwa safarini. Mtu wa namna hiyo, akiulizwa alikosa nini hasa, hawezi kujibu kwa sentensi moja, kwa maana alichonacho ni majonzi, na majonzi huhitaji kufarijiwa. Asijilazimishe kuungama asilolitenda.

Ushauri wa pili unahusu kulipa. Msamaha wa Mungu haukufuta deni langu kwa jirani. Torati, katika Mambo ya Walawi sura ya 6, inamwagiza aliyedhulumu arudishe mali yenyewe na kuzidisha sehemu ya tano. Nilipiga hesabu: 85,000 na faini 5,000 ni 90,000, na sehemu ya tano ni 18,000, jumla 108,000. Niliweka akiba ya elfu tisa kila juma kwa majuma kumi na mawili. Lakini ni lazima tuuangalie utaratibu, kwa kuwa kulipa kunaweza kugeuka kuwa njia nyingine ya kumkimbia Mungu. Yuda alikiri kosa lake na kuvirudisha vile vipande thelathini vya fedha vyote, akaenda akajinyonga, kwa sababu hakuenda kwa Yule aliyemkosea. Zakayo naye aliahidi kurudisha mara nne, lakini alipotamka hayo Yesu alikuwa amekwisha kuingia nyumbani mwake. Kama wewe unayesoma umefikia mahali pa kuona kwamba heri usiwepo, usibaki peke yako na wazo hilo hata usiku mmoja. Mwambie leo mtu wa karibu, mchungaji wako, au mganga wa zahanati.

Nilikwenda barazani kwa mama yule asubuhi, wateja wake walipopungua. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba," bila kuinua macho. Nikamwambia, "Zile elfu themanini na tano ulinipa, na nilizitumia. Niliposema sikumbuki nilisema uongo." Hakusema kitu. Aliendelea kugeuza vitumbua kwa kijiti, kimoja baada ya kingine, mpaka vikaiva vyote, akavitoa, akajifuta mikono kwa kanga, ndipo akazipokea fedha na kuzihesabu noti moja moja mbele yangu. Kisha akasema, "Fedha nimepokea. Na wale walionicheka kikaoni, nani atawaambia?"

Sikuwa nimeliweka hilo katika hesabu zangu za sehemu ya tano. Jumamosi iliyofuata niliomba nafasi kikaoni, nikasimama mahali palepale nilipoinamia daftari, nikasema yote, kisha nikaacha kazi ya uhazini. Wengine walinung'unika, wengine walinyamaza, na mmoja aliondoka kabla sijamaliza. Mama yule mpaka leo hajaniambia kwamba amenisamehe, nami sijamdai neno hilo, kwa maana ni lake na atalitoa akipenda. Nawasihi wanaongoja msamaha wa mwanadamu ndipo waupokee wa Mungu wasiufungie moyo wao katika ufunguo ulio mkononi mwa mtu mwingine. Siku hizi napita mbele ya baraza lile. Namwamkia, anaitikia, na mara nyingine hunifungia vitumbua vitano katika gazeti.

Meza ya Bwana sitoki nje tena. Hofu ninayo bado, na pengine imezidi, ila imebadilika uso. Mwezi uliopita mwanamke mmoja wa kanisani alinisimamisha njiani, akanipa mchango wake wa akina mama nimfikishie, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kuwahi gari la Dar es Salaam. Mkono wangu ulitetemeka nilipozipokea noti zile. Sikuwaza kukamatwa; nilimwaza Yule aliyeyaona yote na akanisamehe, nikajua kwamba sitaki kumhuzunisha tena. Nikamwomba yule dada asubiri kidogo. Tukasimama kivulini, nikaandika kiasi, tarehe na jina lake katika karatasi mbili, tukatia sahihi, akachukua yake nami yangu, na jioni ileile nikazipeleka.