Misa ya marehemu ambaye mwili wake haukupatikana

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Kaka yangu alikuwa mvuvi katika Ziwa Victoria, upande wa Busia. Mashua yao ilipinduka usiku kwa dhoruba, na mwenzake aliyeokoka anasema alimwona akizama. Tumeutafuta mwili kwa majuma kadhaa bila mafanikio. Wazee wetu, ambao ni Waluhya, wanataka shina la mgomba liwekwe ndani ya jeneza, lipelekwe kanisani kuombewa, kisha lizikwe nyumbani. Je, Kanisa linaruhusu? Na je, shemeji yangu anahesabiwa kuwa mjane?

Jibu: Milele amina, na poleni sana kwa msiba huu.

Ndugu yangu, haki ya kaka yako ya kuombewa na Kanisa haitegemei kupatikana kwa mwili wake. Kanuni ya 1176 ya Sheria za Kanisa inaeleza kwamba katika mazishi Kanisa humwombea marehemu msaada wa kiroho, huuheshimu mwili wake, na huwapa walio hai faraja ya matumaini. Kwenu linalokosekana ni lile la kati tu. Kwa hiyo nendeni kwa paroko mkaombe Misa ya marehemu, ambayo taratibu za Misale, yaani kitabu cha kuadhimishia Misa, zinairuhusu waziwazi pale habari ya kifo inapopokelewa, hata katika siku nyingi ambazo Misa nyingine za wafu haziruhusiwi, isipokuwa siku kama Jumatano ya Majivu na zile za Juma Kuu.

Kitakachobadilika ni yale matendo yanayoelekezwa kwa mwili wenyewe: kulipokea jeneza mlangoni, kulinyunyizia maji ya baraka kwa kukumbuka ubatizo, kulifukizia ubani, na ile sala ya buriani inayofuata baada ya Komunyo. Zamani iliwekwa mbele ya altare jeneza tupu, au jukwaa lililofunikwa kitambaa cheusi, na padre akalizunguka kwa maji na ubani kana kwamba marehemu yumo. Kitabu cha Ibada ya Mazishi cha mwaka 1969 kiliiondoa desturi hiyo na kuagiza kwamba buriani ifanyike mwili ukiwapo. Nchini Marekani ilitolewa ruhusa ya kufanya sala hiyo ya buriani hata pale ambapo haiwezekani kabisa mwili kuwapo, na ndiyo maana jamaa aliyehudhuria Misa ya namna hiyo huko anaweza kuwaambia jambo tofauti. Hapa kwetu mfuateni paroko na maelekezo ya askofu wenu. Pale ambapo jeneza lingesimama, wekeni meza ndogo yenye picha yake karibu na mshumaa wa Pasaka, na kama alikuwa na skafu ya chama cha kitume, itandazeni hapo. Picha isiwekwe juu ya altare.

Sasa kuhusu mgomba. Najua desturi hiyo, na najua kwamba jirani zenu Wajaluo hulitumia tunda la mwegea, wanaloliita yago, kwa sababu hiyohiyo: familia inahitaji mahali pa kusimama na kulia, na boma lisilo na kaburi huonekana kama lina deni. Haja hiyo siibezi hata kidogo. Hata hivyo shina lile halikubatizwa wala halingoji ufufuko, nasi tukilipokea kanisani kwa heshima za mwili wa Mkristo tunawafundisha watoto wetu uongo. Wazee wakitaka kulifukia nyumbani kama alama ya kufunga matanga, mimi binafsi sitawagombeza, mradi pasiwe na kafara wala imani kwamba roho ya marehemu imefungiwa humo au itawasumbua walio hai. Ila ningependa zaidi msimamishe msalaba wenye jina lake na tarehe zake, mkamwomba padre aubariki, na jumuiya ndogo ndogo ikakutana hapo kusali kila Novemba.

Misa ya sasa haifungi mlango iwapo mwili utaonekana baadaye. Baada ya ndege ya Ethiopian Airlines kuanguka Machi 2019, familia zilipewa kwanza udongo wa mahali pa ajali, na mabaki yaliyotambuliwa kwa vipimo vya vinasaba yakaja miezi kadhaa baadaye. Katika hali hiyo Misa huweza kuadhimishwa tena siku ya maziko, pamoja na matendo yote yaliyoachwa mwanzoni.

Suala la shemeji yako lahitaji uangalifu zaidi, hasa kama siku moja atataka kuolewa tena kanisani. Kuadhimishwa kwa Misa hakuthibitishi kisheria kwamba mume amekufa. Ikiwa hakuna hati halali ya Kanisa au ya serikali inayothibitisha kifo, kanuni ya 1707 yataka askofu wa jimbo afanye uchunguzi na kutamka kwamba mume anadhaniwa amekufa, baada ya kufikia uhakika wa kimaadili, yaani uhakika usioacha shaka ya maana. Sheria ya ushahidi ya Kenya huruhusu kudhania kifo cha mtu asiyesikika kwa miaka 7. Kanisa halihesabu miaka, na kutoonekana kwa muda mrefu peke yake hakutoshi. Kwa bahati mnaye shahidi aliyekuwamo ndani ya mashua. Mpelekeni kwa paroko mapema, ushuhuda wake uandikwe na kutiwa sahihi, maana wavuvi huhama ufuo hadi ufuo wakifuata samaki, na baada ya miaka michache huenda msijue pa kumtafuta.