Mjue Mtoto Kabla ya Kumpa Jina: Ushauri kwa Walimu Wapya na Wazazi

Katika mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa na wanafunzi wawili wa Darasa la Kwanza waliokaa dawati moja na kugombana kila siku ya Mungu. Ugomvi wao ulizuka wakati uleule, yaani kipindi cha kuandika, na aliyelaumiwa alikuwa yuleyule, binti mmoja ambaye mwenzake alidai kuwa anamsukuma kusudi ili amharibie mwandiko. Nilimwonya, nikamsimamisha nyuma ya darasa, nikamwita mama yake, na katika daftari langu la kumbukumbu nikaandika mbele ya jina lake neno moja tu: mgomvi. Nusu ya muhula ilikwisha hivyo, hadi siku moja nilipopita nyuma ya dawati lile kuokota chaki iliyoniponyoka, nikainua macho na kuona kilichokuwa kikitokea. Binti aliandika kwa mkono wa kushoto, naye aliketi upande wa kulia wa dawati. Jirani yake aliandika kwa mkono wa kulia, naye aliketi upande wa kushoto. Kila walipoinama, viwiko vyao vilikutana katikati. Niliwabadilishia nafasi, huyu kule na yule huku, na ugomvi ukaisha siku hiyohiyo.

Naanza na kosa hilo kwa kuwa ninyi mnaoripoti kazini kwa mara ya kwanza, na ninyi wazazi mnaompeleka shuleni mtoto wenu wa kwanza, mtaambiwa mengi juu ya kumwelekeza mtoto na machache sana juu ya kumtazama. Tumekua tukiambiwa kwamba samaki mkunje angali mbichi, nami siipingi mithali hiyo, ila haisemi ni samaki gani, na aliyewahi kuandaa dagaa, nguru na pweza katika jiko moja anajua kwamba hawashikwi kwa namna moja.

Nimalize kwanza habari ya mkono wa kushoto, kwa maana ni tofauti iliyo wazi kuliko zote na bado tunaikosa. Takriban mtu mmoja kati ya kumi hutumia mkono huo, hivyo katika darasa la watoto 70 tarajia kuwa nao kadiri ya saba. Mweke mtoto huyo ncha ya kushoto ya dawati, au mkalishe na mwenziwe wa mkono huohuo; mruhusu alilaze daftari kuelekea kulia badala ya kushoto; na umfundishe kushika penseli juu kidogo ya pale wenzake wanaposhika, ili vidole visimzibie herufi. Kwa kuwa maandishi yetu huenda kutoka kushoto kwenda kulia, kiganja chake hupita juu ya kile alichokwisha kuandika na kukipaka, kwa hiyo usimwadhibu kwa uchafu wa daftari kabla hujaangalia upande wa kidole chake kidogo. Bibi wa binti yule alinijia kwa hofu, akisema kwamba nyumbani wanamkataza kula kwa kushoto na shuleni namruhusu kuandika kwa mkono huo. Nilimjibu kwamba adabu ya chakula ni ya nyumbani kwake na siigusi, bali penseli si tonge. Alicheka, tukaelewana.

Ziko tofauti nyingine zisizoonekana kwa macho mara moja. Mwaka 1956, mjini New York, madaktari wawili wa magonjwa ya akili, Alexander Thomas na mkewe Stella Chess, walianza kuwafuatilia watoto zaidi ya 130 tangu wakiwa wachanga, na wakaendelea nao kwa miaka mingi. Walieleza sifa tisa za hulka ambazo mtoto huonyesha mapema, miongoni mwake wingi wa kujongea kwake, namna anavyopokea jambo jipya, ukali wa hisia zake, wepesi wa kuvutwa na mambo ya pembeni na uvumilivu wake katika shughuli moja. Karibu 40 katika kila 100 walikuwa wepesi kulea, kama 10 walikuwa wagumu, kama 15 walichelewa kuzoea jambo jipya, na waliobaki hawakuingia katika fungu lolote. Linalonifaa mimi darasani si mafungu hayo bali hoja yao kwamba shida nyingi hazitoki kwa mtoto peke yake, wala kwa mzazi peke yake, ila katika kutolingana kwa hulka ya mtoto na yale anayotakiwa kuyafanya. Viwiko viwili havina kosa. Kosa ni vilivyopangwa.

Yule anayechelewa kuzoea ndiye anayeonewa zaidi katika Darasa la Kwanza, kwa sababu tunapima kusoma kwa kumwita mtoto mbele na kumtaka asome kwa sauti papo hapo. Niliwahi kuwa na mtoto ambaye kwa wiki sita za mwanzo hakunipa hata silabi moja. Akiitwa, alisimama, akashika ukingo wa sare yake na kuukunjakunja, macho chini, mpaka nikamwambia aketi. Nilikuwa nimeshamhesabu miongoni mwa wasiojua chochote. Kisha siku moja wakati wa mapumziko nikamkuta chini ya mwarobaini akicheza shule na wenzake wawili: yeye ndiye mwalimu, ana kijiti mkononi, ameandika mchangani ba, be, bi, bo, bu, na anawakaripia kwa sauti ambayo, naona haya kusema, ilikuwa ya kwangu kabisa. Nilirudi nyuma kabla hajaniona. Tangu siku hiyo nilimnong'oneza jioni kabla ya kutoka ni mstari gani nitamwitia kesho, nikamsikiliza kwanza mezani kwangu tukiwa wawili, na mwezi wa tatu alisoma mbele ya darasa. Sauti ilikuwa ndogo, lakini alimaliza ukurasa.

Mtaniuliza mwalimu mmoja atawajuaje hivyo watoto 90. Hatawajua wote kwa pamoja, na asijaribu. Mimi hutenga daftari moja la kaunta, kila mtoto na ukurasa wake, na kila siku ya shule nawatazama watoto watano tu, hata wale ambao siku hiyo hawakunisumbua. Katika siku 18 za masomo nimewamaliza 90, kisha naanza upya. Sharti ni kuandika tendo, usiandike sifa. “Ni msumbufu” haikusaidii kitu, bali ukiandika kwamba alisimama mara nne ndani ya kipindi cha kuhesabu, na kwamba mara zote nne ilikuwa baada ya kumaliza kazi kabla ya wenzake, umeshajipa nusu ya jibu: huyo anahitaji vizibo vya soda vingine vya kuhesabu, hahitaji kiboko. Msikivu mpole wa dawati la katikati naye ana ukurasa wake, na mara nyingi ndio ulio mtupu zaidi, kwa sababu hatuna la kumlalamikia.

Unapokutana na mzazi, usimwulize mtoto wake yukoje, kwani atakujibu kwa heshima kuwa ni mtoto mzuri, au kwa uchovu kuwa amemshinda. Mwulize mtoto akiamka hufanya nini kwanza, akikasirika hukaa muda gani kabla ya kutulia, akipewa kazi mbili kwa pamoja hukumbuka ngapi, na nani nyumbani humsikiliza bila kupigiwa kelele. Mzazi naye asingoje kuulizwa.

Kwa upande wa nyumbani sina ubingwa wowote. Mwanangu wa kwanza ukimwita mara moja ameshafika. Wa pili alikuwa akitengeneza vigari vya waya na vifuniko vya ndoo nyuma ya nyumba, na ukimwita kula hageuki, ukimwita tena anakasirika, ukimnyanyua kwa nguvu analia mpaka chakula kinapoa. Nilimwambia mara nyingi, mbona kaka yako hafanyi hivi, na sikupata kutokana na maneno hayo ila chuki ndogo baina yao. Mama yangu, ambaye hakupata kusoma chuo chochote cha ualimu, ndiye aliyenionyesha. Aliketi karibu na mtoto akatazama kigari kwa muda, kisha akamwambia, “Baba, ukishafunga tairi hilo, twende tukale.” Mtoto akafunga tairi, akasimama. Uvumilivu uleule uliomfanya asisikie wito ndio tulioutaka sana alipofika katika hesabu za kugawanya, nasi tulikuwa karibu kuuvunja kwa ajili ya sahani ya ugali.

Naomba mjihadhari na jambo moja mtakalolisikia katika semina, kwamba kuna watoto wa kujifunza kwa kuona, wengine kwa kusikia na wengine kwa kutenda, na kwamba kila mmoja afundishwe kwa njia yake. Lina mvuto, nami nililifuata miaka miwili. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani walipitia utafiti uliokuwepo na hawakukuta ushahidi wa kutosha wa kulitegemea. Watoto wote hunufaika wakiona herufi, wakisikia sauti yake na kuichora mchangani. Ukimwita mtoto “wa kusikia” umempa jina jipya tu mahali pa “mvivu”.

Vilevile, kabla hujasema hii ndiyo hulka yake, hakikisha si mwili. Asiyeitika akiitwa kutoka nyuma huenda sikio lake linatoka usaha. Anayenakili kutoka kwa jirani badala ya ubaoni huenda haoni ubao. Anayesinzia saa nne huenda hajala tangu jana. Hayo ni ya zahanati na ya jikoni, na daftari lako halitayaponya.

Wala kumjua mtoto si kumwachia. Anayepiga wenzake hukatazwa, awe na hulka yoyote, na kazi ya nyumbani hufanywa na wote. Kinachobadilika ni njia ya kumfikisha, kwamba huyu anaonywa mbele ya wenzake na kusahau baada ya dakika tano, na yule akionywa hivyo hatanyanyua mkono tena hadi likizo.

Mwisho wa mwaka watoto huenda Darasa la Pili na daftari la kaunta hubaki mkononi mwangu. Zamani nililikabidhi siku ya kwanza kwa mwalimu anayewapokea, nikadhani namsaidia. Siku hizi nalifungia kabatini mpaka mwezi wa pili uishe, kisha tunaketi pamoja, yeye na ukurasa wake na mimi na wangu, tukianza na watoto ambao tumeandika mambo tofauti.