Stanley: kijiji, ukoo au mtu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninatafsiri kitabu cha historia ya Kongo na jina Stanley linanitatiza. Mara ni mtu, mara ni mlima, mara ni mji wa visiwani huko kusini mwa Atlantiki. Maana yake nini hasa? Na ni kweli kwamba Bula Matari ndiyo tafsiri yake?

JIBU: Marahaba. Anza na ardhi, maana Stanley lilikuwa jina la mahali kabla ya kuwa la mtu yeyote. Limeundwa kwa maneno mawili ya Kiingereza cha kale: stan, yaani jiwe, na leah, yaani uwazi katikati ya msitu, aghalabu mahali palipofyekwa. Kwa hiyo ni uwazi wenye mawe. Hiyo leah utaikuta pia mwishoni mwa Shipley, palipokuwa na kondoo, na Wheatley, palipolimwa ngano. Mahali pa namna hiyo palikuwa pengi, ndiyo maana Uingereza ina Stanley kadhaa: Durham, Derbyshire, Yorkshire na kwingineko.

Kisha watu wakaanza kuitwa kwa kwao. Aliyetoka kijiji hicho aliitwa "wa Stanley", na baadaye hilo "wa" likadondoka. Kwa kuwa vijiji ni vingi, akina Stanley wawili si lazima wawe ndugu. Ukoo uliovuma zaidi ni ule wa Staffordshire, uliopewa cheo cha Earl wa Derby mwaka 1485. Mmoja wao, Lord Stanley, alikuwa Waziri wa Makoloni miaka ya 1840, na kwa heshima yake mji mkuu wa visiwa vya Falkland ukaitwa Stanley. Huo ndio mji wako wa visiwani. Hauna uhusiano wowote na msafiri wa Kongo, Henry Morton Stanley.

Huyo msafiri mwenyewe hakuzaliwa na jina la Stanley. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akiitwa John Rowlands, na jina jipya alilichukua Marekani kutoka kwa mfanyabiashara wa New Orleans. Kutoka kwake jina likarudi tena kwenye ardhi: Stanleyville, ambayo tangu 1966 ni Kisangani, na Mlima Stanley wa Rwenzori, wenye mita 5,109, mpakani mwa Uganda na Kongo.

Katika tafsiri, liache jina kama lilivyo. Mwingereza wa leo akilitamka hafikirii mawe, na ukiandika "Bwana Uwazi-wa-Mawe" utamzushia msomaji picha ambayo haimo katika kitabu. Kinachokubebea maana ni upatanisho wa sarufi: "Stanley alifika Ujiji mwaka 1871" ni mtu, "Stanley uko Falkland" ni mji, "akina Stanley" ni ukoo. Usitie -ni: tunasema "aliishi Stanley", kama tunavyosema "aliishi Tabora". Pale ambapo sentensi haijitoshelezi, tanguliza neno "mji", "mlima" au "kijiji". Mimi hulitanguliza hata pale linapoonekana la ziada.

Bula Matari si tafsiri. Ni lakabu ya Kikongo, maana yake mvunja mawe, na Stanley aliipata karibu na mwaka 1880, alipokuwa akipasua miamba ili kupitisha barabara kandokando ya maporomoko ya Kongo ya chini. Waliompa walikuwa wakitaja kazi waliyoiona kwa macho yao. Kwamba jiwe limo katika majina yote mawili ni sadfa, ingawa nakiri ni sadfa ya kupendeza. Lakini angalia sana hapa: baadaye Bula Matari likawa jina la dola ya kikoloni yenyewe. Ukilikuta katika habari za kodi au kazi za shuruti, hasa baada ya Stanley kuondoka Kongo, huenda linalotajwa ni serikali. Soma tarehe ya tukio kwanza, ndipo uamue.