Je, Mkataba wa Biashara Ndio Unaomleta Mwekezaji?

Swali: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni fundi cherehani hapa Jinja, na nina vijana wanne ninaowafundisha kazi. Kila mkataba wa biashara unapotiwa saini, tunaahidiwa kwamba wageni watakuja kufungua viwanda. Je, mkataba ndio unaowaleta, au wana sababu zao wenyewe?

Jibu: Ndugu msomaji, hilo hutegemea anachokifuata mgeni mwenyewe. Kampuni zilizotangaza mwezi Februari 2022 kwamba zitawekeza katika mafuta ya Ziwa Albert zilifuata mali iliyomo ardhini. Anayetafuta wanunuzi ndiye anayeusoma mkataba kifungu kwa kifungu.

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza kazi mwaka 2005, bidhaa zitokazo nje ya jumuiya ziliwekewa ushuru wa ngazi tatu: malighafi asilimia 0, bidhaa zinazohitaji kumaliziwa asilimia 10, na bidhaa kamili asilimia 25, mwaka 2022 ikaongezwa ngazi ya asilimia 35. Mtengenezaji wa ng'ambo aliyezoea kutuuzia bidhaa kamili huona kwamba akijenga Namanve, eneo la viwanda karibu na Kampala, ataingiza malighafi bila ushuru, kisha, akitimiza kanuni za uasili wa bidhaa, yaani masharti ya kuthibitisha kwamba bidhaa imetengenezwa ndani ya jumuiya, atauza Kenya na Rwanda kama mwenyeji. Kwa hiyo mkataba huo humvuta, ijapokuwa haumhakikishii njia: mapema mwaka 2020 maziwa ya Uganda yalikamatwa nchini Kenya, na tukio la namna hiyo humtia shaka mwenye mtaji kuliko ushuru unaojulikana.

Nguo zina kisa chake. AGOA, ambayo wengi huiita mkataba, ilikuwa sheria ya Marekani ya mwaka 2000, yaani fadhili ya upande mmoja. Iliruhusu nchi maskini za Afrika kushona nguo kwa vitambaa vya kutoka kwingine na kuziuza Marekani bila ushuru. Kiwanda kilifunguliwa Bugolobi, jijini Kampala, mwaka 2003 na mwekezaji kutoka Sri Lanka, kikaajiri mamia ya wasichana, na kufikia mwaka 2006 kilikuwa kimefungwa. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mimi naipa uzito hii: tulichokuwa nacho ni mikono tu, huku kitambaa na bandari vikiwa mbali, na tangu Januari 2005, mgawo wa kimataifa uliowekea kikomo nguo za kuuzwa nje ulipokoma, viwanda vya Asia vikawa huru kuuza kwa wingi zaidi. Baadaye, tarehe 1 Januari 2024, Marekani iliiondoa Uganda katika mpango huo bila kuhitaji ridhaa yetu.

Eneo Huru la Biashara la Afrika, lililoanza biashara mwaka 2021, angalau ni mapatano ambayo Uganda imo ndani yake kama mshirika. Hata hivyo, sehemu kubwa ya pamba yetu bado huuzwa nje ikiwa imechambuliwa tu. Mgeni akija Jinja na ahadi za kiwanda cha nguo, muulize kwanza kitambaa chake kitafumwa wapi.