Nani alifika kwanza? Barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Huku sote wazima, mama yako anakusalimu. Umeuliza kama ni kweli Waviking, mabaharia wa kale wa Ulaya ya kaskazini, walifika Amerika kabla ya Columbus, maana umebishana na mwenzako kazini mpaka chai ikapoa.

Umeshindwa, mwanangu; mwenzako ndiye aliyesema kweli, walifika. Columbus alitia nanga Karibi mwaka 1492. Waviking walishajenga nyumba zamani huko L'Anse aux Meadows, kisiwa cha Newfoundland, Kanada. Wanandoa wa Norway, Helge na Anne Stine Ingstad, ndio walioyafukua makazi yale miaka ya 1960: kuta za udongo wenye majani, taka za kufulia chuma, pini ya shaba nyeusi ya kufungia joho.

Lakini kilichonifurahisha mimi fundi seremala ni vipande vitatu vya mti. Vimekatwa kwa chuma, na wenyeji wa pale hawakuwa na mashoka ya chuma. Unakumbuka nilivyokuwa nikikuonyesha pete kwenye kisiki cha mvule? Mwaka 993 dhoruba ya jua, yaani mlipuko wa miale kutoka kwenye jua lenyewe, iliacha alama kwenye miti duniani kote. Wataalamu wakaitafuta pete hiyo, wakahesabu kutoka hapo hadi kwenye gome, kila pete mwaka mmoja. Miti ilikatwa mwaka 1021. Mwaka kamili, si "karne fulani"!

Ila mwambie mwenzako asijitape sana. Hao Waviking nao walikuta watu. Masimulizi ya kale ya Iceland yanasema Thorvald, nduguye Leif Eriksson, yule Mviking anayesifiwa kwa kufika huko kwanza, alikufa huko kwa mshale, na mshale haujirushi wenyewe. Mababu wa waliourusha walikuwa wameishi bara lile maelfu ya miaka.

Na hata Leif, masimulizi hayohayo yanamtanguliza Bjarni Herjólfsson. Huyu alitoka Iceland kumfuata baba yake aliyehamia Greenland, upepo ukampoteza, akaiona nchi yenye misitu. Mabaharia wakataka kushuka, akakataa. Baadaye watu walimsema sana kwa uzembe huo, na Leif akanunua chombo cha Bjarni akaenda yeye.

Mimi simsemi. Alifika kwa mzee wake, akaacha safari za bahari, akakaa naye mpaka mzee alipofariki.

Likizo ya Desemba unakuja?

Baba yako